Sura ya Saba: Jicho la Pili

Katika mji ule kitu hakikuwa kitu mpaka macho mawili yaliyopimwa yakubaliane juu yake. Jicho moja, walisema watu wa Jumba, ni njozi. Mawili ndiyo dunia. Kwa hiyo mtu akiokota konokono kwenye mchicha wake, hata awe amekuwa akimwokota kila alfajiri tangu ujana, hakuthubutu kusema huyu ni fulani. Alimtia kwenye chupa ya spiriti akampeleka Jumbani. Huko watambuzi wawili waliopakwa wanja wakamtazama, kila mmoja upande wake wa pazia, wakanong'ona jina. Majina yakikutana, konokono alikuwepo. Yakipishana, alirudi chupani kusubiri kuwepo.

Na watoto nao vivyo hivyo.

Hapo ndipo roho ya Sikudhani ilipokwama. Mgongoni alikuwa na mtoto wa kiume anayeanza kutambaa, mwenye vishimo mashavuni na shingo inayonuka maziwa yaliyochacha kidogo, na mtoto huyo hakuwa na jina. Ya kitandani alikuwa nayo tele, Kifaranga, Bwana Mkubwa, Moto wa Mama, ila majina ya kitandani hayavuki kizingiti. Sheria ya Jumba ilisema mama asiye na wanja hawezi kumtambua mwanawe. Watamtambua wenye wanja, mama akiwa nje ya mlango, kisha ataitwa aambiwe amemzaa nani. Sikudhani alikwisha kukalia mtihani wa Jumba akaanguka, akaukalia tena akaanguka tena. Leo ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Akifuzu, atapakwa wanja, awe yeye mwenyewe jicho moja la mtoto wake. Akianguka, mtoto atatajwa na wengine, na aliyepangiwa zamu ya kutambua watoto mwezi ule alikuwa Shemsa.

Laiti angekuwa mwingine! Angekuwa mzee asiyemjua, mwenye pumzi ya tumbaku na mikono baridi, Sikudhani angelia kidogo, angemeza, angeishi. Lakini Shemsa! Shemsa waliyesoma naye darasa la jioni nyuma ya kiwanda cha sabuni, dawati moja, hadubini moja, kibano kimoja cha kupokezana. Usingizi ukimzidi mmoja, mwenzake alimfinya paja. Shemsa akafuzu mara ya kwanza, kama mtu anayeruka mfereji bila kukunja nguo. Tangu siku hiyo, kila Sikudhani alipotazama kitu, alikitazama akijiuliza: Shemsa angekionaje? Hata mwanawe, alipotoka tumboni akiwa bado na utando, jambo la kwanza lililompitia mama yake kichwani halikuwa shukrani. Lilikuwa hili: huyu Shemsa hana.

Watu husema wivu ni upofu. Waongo. Wivu una macho kuliko Jumba lote. Mwenye mapenzi humsamehe mwenzake mabaka, mwenye wivu huyakariri. Sikudhani alijua ni kiatu kipi cha Shemsa kinachoisha upande. Alijua Shemsa akiwa na hakika hupumua kwa pua, akiwa na shaka hulamba mdomo wa chini. Kama angeulizwa siku ya Kiama aeleze uso wa Mungu angebabaika, lakini uso wa Shemsa angeueleza unyusi kwa unyusi.

Katika ua wa Jumba, walipongojea watahiniwa, wakati ulikwenda kama kaa, upande upande. Mtu aliingia uani asubuhi, akakaa kwenye benchi, akainua kichwa akakuta jana. Watahiniwa waliokwisha kumaliza nafasi zao walikuwa wamekaa pale mpaka nyuso zao zikaanza kufanana, wakawa wanaitikiana majina. Mmoja wao aliitwa Kibibi, na alikuwa uani kwa muda mrefu hivi kwamba hapakuwa na mwenye hakika kama ni mwanamke mmoja au wanne wanaopokezana kanga.

"We Sikudhani," Kibibi alisema, akitafuna karanga, "unautazama mlango kama una deni na bawabu."

"Namngoja nitakayepimwa naye."

"Unamngoja au unamvizia? Maana macho hayo, mama, ukimtazama mtu nayo anaweza kuelea kwenye spiriti mwenyewe."

Benchi zima likacheka.

"Usisafirie nyota ya mwenzio," sauti ikasema kutoka mwisho wa benchi, na kwa kuwa nyuso zilifanana, haikujulikana ni ya nani.

"Nyota mwachie mwenyewe," Sikudhani akajibu. "Mimi nataka wanja wa kumwita mwanangu, basi."

"Na akikuita wewe kwanza?" Kibibi akasema. "Wa kwangu alikua akaniita yeye. Aliniita Mama, na Jumba likasema jicho moja halitoshi." Akacheka peke yake, karanga zikampalia.

Mlango ukafunguka, Shemsa akatoka. Wanja wake ulikuwa mweusi ti, umevutwa kutoka pembe ya jicho hadi karibu na sikio, kama mtu aliyeandikwa mara mbili ili asomeke vizuri. Hakwenda kwa Sikudhani. Alikwenda kwa mgongo wa Sikudhani.

"Hodi, bwana! Njoo kwa mama mdogo."

Na mtoto, yule mtoto aliyekuwa amemlilia mama yake usiku kucha, akacheka. Si kucheka kwa adabu. Alicheka mpaka magoti yakagonga mbavu za mama yake, akanyoosha mikono.

Ndani ya Sikudhani kitu kikakunjuka, kama jongoo aliyeacha kuguswa, kikaanza kutembea.

"Amenyonya?" Shemsa akauliza. "Humo ndani tutakawia."

"Kanyonya."

"Na wewe umekula?"

"Mimi si mtoto, Shemsa."

"Nimekuuliza tu, mwenzangu." Shemsa alilamba mdomo wa chini. "Umesikia kwamba leo ng'ambo ya pazia nitakaa mimi?"

"Nimesikia."

"Basi usiogope."

Afadhali angemtukana. Neno lile, usiogope, husemwa na aliye ukingoni kumwambia aliye majini. Sikudhani alimfungua mtoto mgongoni, akamkabidhi Kibibi, akaingia ndani akiwa mwepesi na baridi, kama kitu kilichoachwa bila ngozi.

*

Watambuzi hufanya kazi kwa ufunguo. Si ufunguo wa chuma. Ni maswali yaliyofungwa pacha, ndiyo na hapana, yanayokushika mkono kutoka mlango hadi mlango mpaka ufike kwenye jina. Ana mabawa? Nenda huku. Hana? Nenda kule. Katika ukumbi mrefu unaoelekea chumba cha pazia, ambako mtu hutembea sana na kufika kidogo, Sikudhani alijikuta anausoma ufunguo usioandikwa popote.

Ikiwa ana wanja: ni Shemsa. Ikiwa hana: endelea.

Ikiwa mwanao humchekea kuliko anavyokuchekea wewe: ni Shemsa. Ikiwa sivyo: endelea.

Ikiwa alipokuwa mdogo alitaka kuwa yeye mwenyewe, na amekuwa: ni Shemsa.

Ikiwa umefika hapa na hujajipata: rudi mwanzo, utazame vizuri, huenda umejiruka.

Zamani, darasani, alimwuliza mwalimu: kama kila jicho hupimwa na jicho lililopimwa, je, la kwanza lilipimwa na nani? Mwalimu, ambaye alikuwa fundi wa saa mchana na mwalimu jioni, alikwaruza kidevu akasema, "Kamwulize aliyepimwa wa pili. Yeye ndiye aliyenyamaza." Darasa likacheka. Shemsa peke yake hakucheka. Aliandika jibu lile kwenye kiganja, na Sikudhani akamwonea wivu hata kwa hilo, kwamba swali lilikuwa lake yeye lakini kiganja kilikuwa cha Shemsa.

*

Chumba cha pazia hakikuwa na dirisha. Pazia jeusi lilikigawa, na mwisho wa pazia, nusu huku nusu kule, alikaa Bi Kauthara. Masikio yake yalikuwa makubwa na mepesi kama majani ya magimbi. Sikio la kulia lilikuwa la mwenye wanja, la kushoto la mtahiniwa. Wakati wa mtihani alikuwa na maneno mawili tu ya kutamka, yamekutana au yamepishana, na kwa kuyatumia miaka mingi yalikuwa yamelainika mdomoni mwake kama kokwa la tende.

Sahani ya kioo ilipita kwanza kwa Shemsa, kisha ikatelezeshwa chini ya pazia. Ilifika ikiwa na joto la vidole vyake.

Ya kwanza ilikuwa na mbu aliyenyofoka miguu yote. Hapa ndipo wengi huangukia, maana aibu ya kutojua humsukuma mtu kutaja zaidi ya alichokiona. Sikudhani alitazama, akainamia sikio la kushoto. "Mbu. Kwenda zaidi siwezi, miguu haipo."

"Yamekutana," akasema Bi Kauthara.

Akaja konokono wa mtaroni. Yamekutana. Akaja funza wa embe, akaja chawa wa kuku, ikaja nusu ya panzi. Yamekutana, yamekutana. Na kadiri yalivyokutana ndivyo kifua cha Sikudhani kilivyobana, kwa sababu kukutana na Shemsa hakukuwa kushinda. Kulikuwa kukanyaga katika nyayo zake na kukuta zinakutosha. Atafuzu, ndiyo, lakini atafuzu kama mwangwi. Hata siku ya kumtaja mwanawe, Shemsa atakuwa hapo ng'ambo, anatikisa kichwa kukubali, kama kwamba mtoto wamemchangia.

Ndipo ikaja sahani ya mwisho.

Ndani yake alikuwa mtoto wa kereng'ende. Hawa huishi majini, wabaya wa sura, mpaka siku ya kukua. Siku hiyo hupanda unyasi, mgongo hupasuka, kereng'ende hutoka na mabawa yake akaruka, na nyuma yake huacha gamba limesimama palepale, kamili, na miguu, na taya, na macho, kila alama ambayo ufunguo utauliza. Unaweza kulitambua gamba mlango kwa mlango hadi kwenye jina, na usijue kwamba nyumba ni tupu. Kwa hiyo Jumba lilikuwa na kanuni: gamba halitajwi. Aliyeondoka hayupo.

Na kosa hilo lilikuwa na mwenyewe. Darasani, muhula wa kwanza, Shemsa aliwahi kutaja gamba kwa jina refu lenye madaha, na mwalimu akalipuliza gamba likapeperuka mezani. Muhula mzima aliitwa Shemsa Magamba. Hata muuza kahawa pale nje alimwita hivyo.

Sikudhani akaweka jicho kwenye hadubini. Mgongoni pana mpasuko.

Moyo ukampiga kama mlango wa jirani. Alikuwa amemsikia Shemsa ng'ambo: amechukua muda mfupi, amepumua kwa pua. Ametaja jina, bila shaka. Amelirudia kosa lake kama mtu anavyorudia wimbo wa kumlaza mtoto. Na sheria ilikuwa wazi: mwenye wanja akipishana na asiye nao, na kweli ikawa ya asiye nao, wanja wake hufutwa hapo hapo. Neno moja tu. Gamba. Sikudhani atapata wanja na Shemsa ataupoteza katika pumzi ile ile. Neno lilikwisha kukaa ulimini, tamu, zito, kama halua iliyotoka motoni. Bi Kauthara akamwinamishia sikio.

Nje, uani, mtoto akalia.

Ukuta ulikuwa mnene na kilio kilifika chembamba kama uzi, lakini maziwa hayaulizi unene wa ukuta. Yalishuka yenyewe, yakapenya nguo, yakawa duara mbili za joto kifuani. Sikudhani akajitazama. Akafikiri: mwili wangu umejua kabla sijajua. Kisha akafikiri, na fikra hii ikamtia baridi: na kuhusu gamba je? Maana neno lile alikuwa nalo tayari sahani ikiwa bado chini ya pazia. Hakulitoa kwenye hadubini. Alikwenda nalo kwenye hadubini, akaona mahali pa kuliweka.

Jicho linalojua kabla ya kuona ni jicho gani? Ndilo hili lililoanguka mara mbili? Ndilo hili analotaka kumtazamia mwanawe?

"Nitazame tena," akasema.

Bi Kauthara alirudisha sikio lake.

Akaanza upya, tangu mwanzo, kama mgeni anayebisha nyumba asiyoijua. Akasogeza mwanga. Mpasuko upo, ndiyo. Lakini gamba tupu lina macho kama chupa safi, taa hupita ikatokea upande wa pili. Macho haya hayakupitisha taa. Nyuma ya jicho palikuwa na jicho. Ndani ya mguu palikuwa na mguu mwingine, mweupe, uliokunjwa, haujatoka. Yumo. Alikuwa ameupasua mgongo wake mwenyewe, amesukuma, na hapo katikati ya kutoka akafa, si wa majini wala wa hewani.

Sikudhani alikaa na jambo hilo. Basi Shemsa yuko sahihi, akawaza. Ametaja jina na jina ni la kweli, safari hii nyumba ina mtu. Uchungu ulimpanda mpaka mizizi ya meno. Angeweza bado kusema gamba, akadai mpasuko umemhadaa. Lakini angesema uongo juu ya kitu kilichokufa kikijaribu kutoka, na hilo, sijui kwa nini, lilimshinda.

Akaliinamia sikio. Maneno yalimtoka kama jino.

"Mtoto wa kereng'ende. Yumo ndani."

Bi Kauthara akageuza kichwa, sikio la kulia kwanza, kisha la kushoto.

"Yamepishana," akasema.

*

Pazia likavutwa. Shemsa alikuwa amekaa na mikono mapajani, analamba mdomo wa chini.

"Umesema nini?" akauliza.

"Nimesema yumo."

"Mimi nimesema gamba."

Bi Kauthara akachukua sindano. Katika mambo ya kupishana yeye ndiye wa tatu, na wa tatu hutazama kwa kupasua. Alilichana gamba lote kuanzia mpasuko kwenda mbele, na kikatoka kitu laini kama unga uliokandwa, cheupe, na mabawa yake yakiwa vifundo vidogo mgongoni.

"Yumo," akasema Bi Kauthara. Lilikuwa neno la tatu, na lilimkwaruza koo.

"Niliapa sitachekwa tena," Shemsa alisema, akisema na sahani. "Tangu darasani, nikiona mpasuko siangalii zaidi. Nakimbia."

Kitambaa cha spiriti kikampitia jichoni, kulia, kushoto. Wanja ulitoka kwa mabaka, ukampaka mashavu. Uso uliokuwa chini ya wanja ulikuwa mdogo kuliko Sikudhani alivyoukariri, na macho yake yaliyobaki uchi yakapanda yakamtazama Sikudhani. Sikudhani akautambua mtazamo ule mara moja, bila ufunguo. Ulikuwa wake. Alikuwa ameuvaa asubuhi. Kwa kitambo hakujua ni nani kati yao anayetazama na nani anayetazamwa, na kijiti cha wanja kilipomgusa kope, alishangaa kuona ni yeye aliyepepesa.

Wanja uliwasha. Basi. Alisubiri furaha kama mtu anayesubiri chai ichemke juu ya jiko lisilo na mkaa.

Kibibi akaingia bila hodi, mtoto amejikunja akipiga mayowe. "Mchukueni jamani, amenichania kanga mimi." Shemsa ndiye aliyekuwa karibu. Akampokea kwa mazoea, akamweka begani, akamgonga mgongo kwa kiganja, polepole. Mtoto akanyamaza.

Na Sikudhani, mwenye wanja mbichi, mtambuzi wa Jumba, akaungua upya. Hata kuanguka, Shemsa alikuwa ameangukia pazuri.

"Mlete mezani," akasema Bi Kauthara. "Jicho la kwanza, wewe mama yake. La pili litaitwa kutoka ukumbini, wapo."

Jina lilikuwa tayari, Sikudhani alikuwa amelibeba tangu mimba. Lilibaki kunong'onwa tu. Akatazama kule ukumbini, wenye wanja wamejipanga kivulini, nyuso safi, macho asiyoyajua. Akamtazama Shemsa.

"Jicho la pili nataka la huyu."

"Hilo halina wanja," akasema Bi Kauthara.

"Litaupata. Atakalia mtihani tena, na mimi nitakaa ng'ambo."

"Ni mbali mtihani. Mtoto atakaa bila jina."

"Atakaa."

"Atakuwa hayupo," akasema Bi Kauthara, na masikio yake yakatikisika.

"Mimi namwona," akasema Sikudhani.

Kibibi aliacha kutafuna. Neno kama hilo halikuwahi kusemwa mle na mwenye wanja, kwamba jicho moja limeona na limetosheka kungoja.

Shemsa akawa wa kwanza kusema, kwa ukali. "Usinihurumie, mwenzangu. Mtaje mwanao, nenda nyumbani."

"Sikuhurumii. Nakuonea wivu. Nimekuonea wivu tangu dawatini mpaka sasa hivi unavyompapasa huyo mgongo. Hakuna jicho nililolichungua kama lako, nalijua linapokimbia na linapokaa. Hao wa ukumbini watakubaliana nami kwa adabu tu. Sitaki mwanangu awepo kwa adabu."

"Na tukipishana?"

"Tutapishana, tuanze upya."

Kicheko kikamtoka Shemsa, cha puani, kikachanganyika na kamasi na wanja. "Wallahi wewe una kichaa. Na mpaka siku hiyo, mimi nimwiteje?"

Sikudhani alihisi mkono wa ndani ukimvuta, ukimwambia usimpe, hata hilo usimpe.

"Mtazame," akasema. "Mwite unavyomwona."

Shemsa akamshusha mtoto begani, akamshika mbele yake kwapani, miguu ikining'inia. Hakukimbia. Alimtazama nywele, akamtazama kope, akamtazama kovu dogo la kucha kwenye pua, na mtoto akamtazama naye, mdomo wazi, mate yakining'inia. Alikawia hivyo hata taa ikaanza kufifia, bado hajamwita kitu. Wivu ukamchoma Sikudhani palepale pa siku zote. Lakini akasogea, akasimama upande wake, bega kwa bega, na wote wawili wakamtazama.